Kwa Mfalme Kwanza, Kwa Mama Baadaye

Jumatano, 4 Juni

Kaka kapiga simu. Jumapili kikundi chake cha kutembea kinapanda kwenye lile kaburi la kale – tuta la mawe, eti kazikwa mfalme, miaka elfu mbili sijui tatu. Nije ninyooshe miguu! Nikamwambia nakuja, ila tukishuka tupitie kwa mama. Makaburini ni palepale, karibu na kituo cha basi. Akasema: sawa, dada, sawa.

Mwaka wa pili huu hajakanyaga. Hata mazishini hakuja – alikuwa na semina!

Ijumaa, 6 Juni

Nimebadilishana zamu na mwenzangu wa kufulia hospitali. Jumatatu mashuka ya wodi mbili, peke yangu. Akauliza, kwani huyo kaka yako hana miguu? Anayo. Ya kupandia milima.

Jumapili, 8 Juni

Saa sita, juu. Magoti yangu si yangu. Kaka mbele na fimbo, mwalimu wa historia mpaka vichakani. Tuta lenyewe? Rundo la mawe na nyasi, mbuzi wawili juu yake. Kawanyamazisha watu wote. Asiyewakumbuka wafu wake si mtu, anasema – na sauti ikamkatika. Machozi! Mama mmoja wa kikundi akampa leso. Nyani haoni kundule.

Saa kumi. Kweli tumekuja makaburini, wenzake wamepanda basi. Langoni nikataka kumwonyesha. Tulia, akasema, nitapaona tu. Akatangulia kama kawaida yake, mimi nyuma nachechemea. Akapita kwa mama bila kugeuza shingo! Na kibao nilikipaka rangi mwenyewe. Kaenda kusimama safu tatu mbele, kwenye kaburi lisilo na kibao. Ndivyo alivyodhani tumemwacha mama, bila hata jina.

Kapiga magoti. Namsikia: nisamehe, mama, niliogopa kukuona umefunikwa shuka. Analia mpaka mabega yanatikisika. Kule juu hakulia hivi.

Nimekaa kwa mama, naandika. Miaka miwili nimeyapanga maneno ya kumchoma nayo, leo mdomo mzito. Nikimwambia, nitamvunja. Nikinyamaza, mama hajaombwa msamaha. Nina hasira, na ninamhurumia, na hilo linanitia hasira zaidi.

Anainuka. Anafuta uso. Ananiita: dada, njoo basi, mbona umekalia kaburi la watu?