Posa ya Nassor na Maneno Yake Mafupi

Jumamosi, 4 Oktoba
Stratford tena kwa Mzee Hamdu, ziara ya pili. Hii ni posa yangu ya kumi na mbili kama mshenga tangu nihamie London. Muoaji ni Nassor, mtoto wa jirani yangu hapa Wembley, Bi Asha. Fundi umeme. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu hajibu.

Mzee anataka nikahi ifanyike kwao. Nilipomuuliza Nassor alisema "safe". Basi. Kwa vijana wa hapa neno hilo ni sawa, ni asante, ni kwaheri, ni nipishe. Nikamwambia Mzee kijana ameipokea kauli yake kwa mikono miwili na anaomba radhi za wazazi. Mzee akafurahi. Halua ikaletwa.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimeorodhesha maneno ya Nassor. "Calm" ni ndiyo. "Sound" ni ndiyo. "Say less", yaani sema machache, pia ndiyo, na hilo angalau analitekeleza. Mama yake alipomuuliza kampendea nini Latifa, alijibu "peng", yaani mzuri. Binti wa Mzee Hamdu, muuguzi, kasoma, ana adabu zake, anasifiwa kwa mlio wa sufuria iliyoanguka.

Nayadharau maneno haya. Babu za Waingereza hawa walitawala nusu ya dunia, wajukuu wanakoroma. Na watoto wetu wanawaiga.

Jumatano, 8 Oktoba
Mzee kapiga simu. Ana sharti moja: akishaolewa, Latifa aache kazi ya hospitali, akae nyumbani. Anataka jibu la kijana.

Nimemkuta Nassor anapanga nyaya kwenye gari lake. Hakuinua hata kichwa. "Nah. That's her job, uncle."

Yaani hapana, kazi ni yake Latifa. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Sharti la mtu mzima linajibiwa hivyo? Bila samahani, bila sababu? Nimerudi nyumbani nimekasirika.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimempigia Mzee. Nimesema kijana amesikia na ameridhia. Nimelisema vizuri mno, mpaka mwenyewe nikajisikia. Huyo akishaoa atatulia, atafuata wakubwa. Mzee kaniombea dua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Posa imevunjika.

Mzee alimweleza Latifa jana wakati wa chakula kwamba Nassor ameridhia. Latifa kasema hawezi kuolewa na mtu aliyekubali hilo bila hata kumuuliza yeye. Simu za Nassor hapokei. Kwa nini apokee? Kauli ya mshenga ndiyo kauli ya kijana.

Nassor kaja kuniuliza niliwaambia nini. Nikasema nilipamba kidogo. Nilitaka anitukane, hata kwa maneno yake yale. Akaondoka. Sijapata kula.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekwenda Stratford peke yangu. Mzee, mkewe, Latifa, wote wamekaa. Nikasema: "Kijana alikataa. Mimi ndiye niliyesema ameridhia."

Latifa akataka maneno yenyewe, kama yalivyotoka. Nikayasema kwa Kiingereza cha Nassor. Akajifunika uso kwa mtandio, akalia, mama yake akamshika bega.

Mzee akauliza kwa nini. Nikasema jibu lilikuwa fupi mno, niliona haya kulileta. Nilipojisikia nikilisema hilo mbele za watu nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau yeyote.

"Ulitumwa neno moja tu, bwana," alisema Mzee, "nalo limekushinda."

Hakuna aliyenisindikiza mlangoni.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Bi Asha kapita kunieleza. Jana Nassor alikwenda mwenyewe, yeye na mama yake. Kiswahili kilimponyoka hovyo, ngeli zote chini, lakini alimwambia Mzee usoni kwamba Latifa haachi kazi. Mzee akamwita bintiye akae nao. Sharti limeondolewa, posa imerudi.

Siku ya kupanga nikahi atazungumza kaka yake Bi Asha, wa Stanmore, badala yangu. Dereva wa basi, mtu asiye na maneno. Bi Asha alilisema hilo huku akitazama kikombe chake. Nikamwambia wamechagua vizuri. Nikamfungulia mlango.