Picha Mbichi ya Kiota

3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Wanangu hawajambo? Na kaka, mgongo wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila macho yangu yamechoshwa na kompyuta.

Najua miaka miwili ni mingi kukaa bila salamu. Leo nakuandikia kwa furaha. Ile picha ya ndege akilisha makinda kiotoni imeingia kumi bora kwenye mashindano ya picha za asili, kundi la ubunifu, ambako kuhariri kunaruhusiwa. Waamuzi wanataka kila mtu awasilishe picha mbichi, kama ilivyotoka kwenye kamera, ili wajue ni yake kweli. Mimi ninayo ile niliyoihariri tu. Mbichi unayo wewe.

Yale ya jina tuyasahau, wifi. Kibandiko cha maonyesho kilikuwa kidogo, jina moja tu ndilo lililotosha. Nitumie kabla ya katikati ya Aprili.

Wifi yako wa studio

12 Machi

Wifi wa studio,

Sijambo, watoto hawajambo, na mgongo wa kaka yako umepona. Amesoma barua yako akaniambia tuyamalize, damu nzito kuliko maji. Nikamwambia basi ainywe hiyo damu.

Asubuhi kumi na moja mfululizo nililala kifudifudi kwenye tope, nimejifunika wavu, siafu wakinipanda mapajani. Nilishika jani bichi mbele ya lenzi mpaka mkono ukafa ganzi, ili kijani kitande pembeni kama pazia. Huo ndio ubunifu wanaousifu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti chenye mto. Na hata hiyo kazi ya kukaa uliilipua: jani lenye tundu la kiwavi umelinakili mara tisa. Nimelihesabu.

Siku ya maonyesho mgeni alikuuliza mimi ni nani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye picha yangu. Ukamjibu, "Huyu hunibebea mizigo." Sijasahau, na sitaki kusahau.

Waandikie waamuzi kwamba picha nilipiga mimi. Nikiiona barua hiyo, mbichi utaipata.

Wifi yako wa msituni

21 Machi

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nasumbuliwa na mafua, lakini nashukuru, naamka.

Jina likibadilika sasa picha inaondolewa, ndiyo sheria yao. Halafu tusidanganyane. Naikumbuka picha uliyoniletea: kiota kiko wazi kabisa, kwa sababu matawi yote ya mbele uliyakata kwa panga ili mwanga uingie. Nani alikaa siku tatu akipandikiza majani kwenye kompyuta ili usionekane? Nilikusitiri, wifi. Leo una kazi nzuri hapo hifadhini, unawafundisha wanafunzi wasiguse hata unyoya wa kiotoni. Bosi wako akijua, utamaliza wiki?

Nitumie hiyo moja tu. Waamuzi nitawaambia kiota kilikuwa wazi chenyewe, nami majani niliyaongeza kwa urembo. Tutapona wote wawili.

Wifi yako wa studio

2 Aprili

Wifi,

Pole kwa mafua, kunywa vitu vya moto. Sisi tu wazima.

Nimekuelewa. Mwenye nguvu mpishe. Faili ni zito, likipitia kwako litakwama. Nipe anwani ya waamuzi niwatumie moja kwa moja.

Wifi yako wa msituni

4 Aprili

Wifi yangu wa dhahabu,

Mafua yamekwisha kwa furaha tu. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nilijua wewe ni mtu mzima. Yaliyopita si ndwele. Nguo ya siku ya tuzo nimeshaipeleka kwa fundi, na wewe nimekuombea kiti safu ya mbele. Wabusu wanangu.

Wifi yako wa studio

29 Aprili

Wifi,

Sikuulizi hali, kwa sababu naijua. Waamuzi waliokuandikia juzi wameniandikia na mimi.

Uliomba picha moja. Niliwatumia zote arobaini na tatu za siku ile, na saa zake. Katika ya kwanza kiota kimefichika, huoni hata mdomo wa ndege. Katika ya sita, kamera iliyokuwa ikipiga yenyewe imenidaka nimeshika panga. Ya ishirini na mbili ndiyo tunayoigombania. Ya mwisho ni ya saa tisa alasiri, niliporudi. Jua lilikuwa limekipiga kiota tangu asubuhi, na makinda mawili yamelala midomo wazi, mama yao hayupo. Hiyo hukuwahi kuiona. Sikumwonyesha mtu, hata kaka yako.

Bosi wangu nilimpelekea mwenyewe, mkononi, kabla hujamfikia. Alizitazama zote polepole, akaniuliza kama nina la kusema. Nikamwekea juu ile ya mwisho. Sare nimeirudisha Jumatatu. Nililia njia nzima, wifi, na si kwa ajili yako. Lakini nilipofika nyumbani nikakumbuka nguo yako iko kwa fundi, nikacheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Usinisamehe. Mimi sijakusamehe.

Waamuzi watatoa tangazo la picha zilizofukuzwa, pamoja na sababu. Waliniuliza waandike jina la nani. Nikawaambia wayaandike yote mawili, na langu litangulie, maana picha nilipiga mimi.

Wifi yako