Hifadhi Nne, Kundi Moja

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefagia chumba cha seva. Joto digrii ishirini na moja. Ndagala imejaa tena. Gaspard, mwenzangu wa kazi, ndiye aliyezipa hifadhi zetu nne za data majina ya samaki: Ndagala, Mukeke, Sangala, Kuhe. Humo zimo kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati zetu zote za ufukweni, toka Kabezi hadi Nyanza-Lac. Moja ikijaa, nahamisha vitu mwenyewe. Gaspard alihamia Kanada mwezi wa nne. Tangu hapo niko peke yangu humu. Leo nimesikia sauti yangu saa nane mchana tu, nilipomshukuru muuza ndizi: murakoze.

Jumanne, 9 Septemba
Shefu amepiga kutoka Bujumbura. Anataka zote nne ziwe kundi moja, mfumo wenyewe uwe unahamisha vitu toka hifadhi iliyojaa kwenda yenye nafasi. Wazo zuri. Ila Kuhe ni ya zamani, diski zake nzito, husoma polepole. Nilitaka kumuuliza mtu, unaonaje? Kiti cha Gaspard kimewekewa maboksi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimeziunganisha zote nne. Mfumo uamue wenyewe. Nilijiona hodari. Hakuna wa kumwonyesha.

Alhamisi, 11 Septemba
Siku mbaya.

Saa nne asubuhi alipiga Espérance, muuguzi wa uzazi Nyanza-Lac. Miaka miwili tunaongea kwa simu, sijawahi kumwona.

"Dada Zaina, faili ya mama iko inazunguka tu, haifunguki. Amezimia. Kuna dawa ilimudhuru mwaka jana, sijui ni gani!"

Nikaangalia. Mfumo ulikuwa umezihamishia faili za uzazi Kuhe, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Na ulikuwa bado unaisukumia nyingine. Kuhe imeelemewa, haijibu. Nikasimamisha kila kitu, nikaanza kuzirudisha faili za uzazi Mukeke. Asilimia tano. Saba. Espérance hakukata simu. Nilisikia viatu vikikimbia, mtu akiita maji. Mume wa mgonjwa alipanda pikipiki kwenda nyumbani kutafuta kadi ya zamani iliyoandikwa dawa hiyo. Akarudi nayo, mimi niko asilimia thelathini.

Mama ni mzima. Mtoto pia.

Ijumaa, 12 Septemba
Shefu anataka ripoti. "Andika umeme ulikatika. Nani atabishana na umeme?"

Nikaandika hivyo. Nikafuta. Nimeandika kwamba nilichanganya diski nzito na nyepesi, nikauachia mfumo bila kuujaribu. Nimetia jina langu chini. Kisha nikampigia Espérance, nikamweleza vilevile.

"Sawa," akasema. Akakata.

Afadhali angenitukana.

Jumanne, 16 Septemba
Kuhe nimeitoa kundini. Tatu zilizobaki zinafanana, zinaenda vizuri. Mfumo sasa unapendekeza tu, mimi ndiye wa kukubali. Shefu hajajibu ripoti. Espérance hapigi. Mara tatu nimeangalia kama betri ya simu ina moto. Inao.

Nina upweke. Sijawahi kuliandika neno hilo.

Jumapili, 21 Septemba
Nimeenda Nyanza-Lac. Sikumwambia kwamba nakuja.

Espérance ni mfupi, mtu mzima kuliko sauti yake. Nilipotaja jina langu aliniangalia kwa muda. Hakunikumbatia. Alinionyesha daftari kubwa: majina ya akina mama, na kila mmoja na dawa inayomdhuru, yamenakiliwa kwa kalamu.

"Ordinateri tutatumia," akasema, akionyesha kompyuta mezani. "Lakini na hii iko."

Nikamwambia ni vizuri. Sikuona aibu kama nilivyotarajia. Kurasa nyingi zilikuwa bado hazijapigwa mistari. Akanipa rula. Tukakaa benchi moja, yeye akinakili, mimi nikipiga mistari, hadi adhana ya alasiri.