Mama anataka kuuza cherehani ya Hamisa

Mshauri, shikamoo. Naandika kwa sababu kusema kunanishinda, hata darasani najua jibu ila sauti haitoki. Nipo kidato cha tatu, na mama yangu anashona nguo pale Maili Moja pamoja na fundi wake, dada Hamisa, kazi yao kubwa ni sare za shughuli, lakini mwaka huu shughuli zipo na sare hazipo, akina mama wanaambiana kila mtu avae aliyonayo, hali haieleweki, na mama anawaita wabahili. Sasa mama naye kaingiwa hofu, ameacha kununua chapati za Mama Naila wa mlango wa pili, tunanywa chai na viporo, na juzi Mama Naila alikuja kushikashika vitambaa akasema, "Ningeshona gauni la harusi ya mdogo wangu, ila chapati hazitoki, watu wameatamia hela zao kama mayai." Mama akacheka, "Watu wa siku hizi wagumu, shoga yangu!" Mimi nikatazama sakafu, maana nimesoma kwamba matumizi ya huyu ndiyo kipato cha yule, na hao wawili wanasubiriana. Jumamosi anakuja mtu kununua cherehani ya pili, ile anayoshonea dada Hamisa, na mwenyewe ameambiwa atafute kazi pengine. Nimwambieje mama bila kuonekana namfundisha?

Mwenye Haya, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Pole, ila acha kujificha nyuma ya kitabu. Mama yako unalala naye nyumba moja, halafu unaniambia mimi nisiyemjua hata sura! Hofu yake si ujinga. Mwenye watoto hatapanyi hela kwa kuwa kitabu kimesema. Lakini akiuza cherehani sasa, wateja wakirudi atawamaliza peke yake kwa cherehani moja?

Usimhubirie uchumi. Mwambie tu, "Mama, Mama Naila anangoja auze chapati ndipo ashone. Nikanunue?" Chapati chache, siyo karamu. Na hao wanaong'ang'ania sare za zamani, wazilete: kiuno kipanuliwe, mikono ibadilishwe, shingo itiwe lesi. Nani hajanenepa tangu harusi ya mwaka juzi? Anayeogopa bei ya gauni jipya haogopi ya kupanua la zamani, na kazi hiyo itamshikilia Hamisa mpaka watu wapate moyo.

Mnunuzi apigiwe simu asije. Sauti yako ikigoma, sema ukiwa unaosha vyombo, umempa mama mgongo. Lakini sema leo, kabla Hamisa hajafungasha mkasi wake.