Siku Niliyomwachia Mkamwana Kiti

Jumatatu, 3 Machi
Wewe mwanamke, siku tisa hujagusa daftari. Najiuliza mwenyewe: ulikuwa wapi? Hapa hapa wodini, kwenye kiti cha plastiki, namlinda mume wangu Elinami. Nimonia. Miguu imekuwa mlenda. Leo uji kabakiza nusu. Nesi karudia tena: bibi, asishuke kitandani peke yake, hata kwenda chooni. Mshikeni. Nimeitika. Mimi si kiziwi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemshika kiuno kwenda chooni, kanitukana Kipare. Eti namburuta kama mbuzi wa gulioni. Nikamwambia mbuzi ana shukrani. Kacheka bila kukohoa. Daktari anasema akiendelea hivi, wiki hii tunapanda nyumbani Suji, milimani. Atalifikia shamba lake la tangawizi kwa miguu yake.

Jumatano, 5 Machi
Mgongo umekufa. Nguo safi sina. Mkamwana wangu, Mama Neema, kaja kunipokea zamu. Nimemweleza: vyuma vya pembeni mwa kitanda viwe juu. Kandambili karibu. Sakafu ikipigwa deki, mzee asishuke. Kaitika yote. Mtoto mwema yule. Kesho nyumbani, nirudi Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi
Kaanguka.
Jana saa nne asubuhi. Alibanwa na mkojo, hakusema. Amwambieje mkamwana? Kamtuma maji ya moto, kashusha chuma mwenyewe, kashuka. Sakafu mbichi. Nyonga imevunjika.
Nesi kauliza mbona hakuitwa. Vyuma nilivitaja. Deki niliitaja. Hili la kumshika kwenda chooni sikulitaja. Na ni mimi niliyemkanya Mama Neema siku ya kwanza alipoingia kwangu: kwa mila yetu baba mkwe hashikwi, kaa mbali naye. Miaka kumi na mbili kashika neno langu.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Neema hali kitu. "Mama, nimemuua baba." Nimemwambia anyamaze, ale makande. Kosa si lake. Nimemshika kichwa kifuani mpaka kanga yangu ikalowa. Nesi anasema kuna kopo la mkojo, kuna nesi mwanamume wa zamu. Ningesema neno moja tu.

Jumanne, 11 Machi
Kifua kimerudi. Hawawezi kumpasua. Hatatembea tena. Mchungaji kaja kuomba. Nimefumba macho, sikuomba.

Jumapili, 16 Machi
Ametulia. Siku ya tano hajanitukana. Mchana nimempa Mama Neema kijiko na kitambaa. Nimemwambia, mlishe baba yako, nililokukanya nimelifuta. Mzee kageukia ukutani. Kisha kafungua mdomo. Kapanguswa kidevu, hakukataa.
Nimechoka. Ukirudi kwenye daftari hili, mwanamke, anza kwa kuandika tusi lake, neno kwa neno. Kama hajatukana, lifunge, ukakae kitini kando yake.