Shahidi wa Mzee Anselmi

Makambako,
12 Julai

Dada yangu mpendwa Beatrisi,

Shikamoo. Hamjambo huko Mlangali? Natumaini shemeji na watoto ni wazima, na maharage mmekwisha kuyapura. Mimi sijambo, ila baridi imenipasua midomo hata kucheka ni kazi.

Dada, yule Devota niliyekuandikia habari zake nusura nimkose. Baba yake, Mzee Anselmi wa Njombe, mzee wa kanisa, alisikia ninavyofundisha darasani kwamba pweza ana mioyo mitatu, anapumua kwa matamvua kama samaki, lakini anaweza kutoka majini akatambaa nchi kavu dakika kadhaa, mradi ngozi isikauke. Akasema hamwozeshi binti yake kwa mwongo. Barua yangu ya posa akairudisha haijafunguliwa.

Nikamwomba Shedrack, kondakta wa basi la Dar es Salaam, aniletee shahidi. Pweza alifika hai ndani ya ndoo ya maji ya bahari, pampu ndogo ya betri ikimpulizia hewa. Nikampeleka Njombe siku hiyo hiyo. Sasa sisi watu wa baridi, mgeni tunamweka wapi? Nikaisogeza ndoo kando ya jiko la mkaa. Kumbe maji yakipata joto, hewa yake hupungua. Tukiwa tumefumba macho kwa sala ya chakula, pweza akatoka, akavuka sakafu, akaingia kwenye buti la mpira la Mzee Anselmi. Alikaa humo dakika tano kwa saa ya mzee mwenyewe, ndipo nikamrudisha ndooni. Mzee akanishika mkono akasema, "Mwalimu, nisamehe. Wewe ni mkweli. Waite wazee wako Jumamosi."

Sasa naungama kwako peke yako. Jioni yule pweza alikata roho. Mzee alipomuulizia, nilimwambia amerudi baharini na basi. Ukweli ni kwamba mama yake Devota, ambaye kwake hakuna kitu cha kutupwa, alimkatakata, akamuunga kwa nyanya, akampakulia mumewe akisema ni utumbo wa mbuzi. Mzee alikula sahani mbili.

Naona aibu, dada, na nitamwambia yote baada ya ndoa. Shida ni kwamba ameagiza Jumamosi wageni wote wapikiwe utumbo ule ule. Nimeshamtuma Shedrack tena. Safari hii hata asiyepumua anafaa. Wewe nakuomba ule, usiulize.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Hezekia