Jumapili Niliyoshindwa kwa Makusudi

Jumatatu, katikati ya Julai.

Joto la Toronto leo ni lile lenye unyevu, linalokubandika shati mgongoni kabla hujafika kituo cha tramu. Nimerudi kutoka kazini, nimefungua madirisha yote, nimekaa. Timu yetu inacheza jioni hii na sijawasha redio. Wanaonijua wataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Kwa miaka mingi nimeitumia blogu hii kuwachapa watu: mawaziri, wachungaji, wahariri wa magazeti niliyowahi kuyaandikia nikiwa Nairobi. Leo zamu ni yangu, na sitaki kujichapa kwa unyoya.

Kila Jumapili baada ya ibada tunakusanyika kwa Mama Akinyi, Parkdale, ghorofa ya tisa, kuangalia besiboli. Mama Akinyi anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, na ulimi wake unaweza kumenya viazi. Tuna desturi tuliyoibuni wenyewe. Msimu ukianza, kila mmoja wetu huchagua mchezaji wa kulea. Ukishamchukua ni mtoto wako mpaka mwisho. Akifanya vizuri, tunakupigia makofi wewe. Akiharibu, unasimama mbele ya televisheni kujibu mashtaka, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Kubadilisha mtoto hakuruhusiwi.

Rafiki yangu Deo alimchukua mpigaji tunayemwita Jenerali.

Kazi ya mpigaji ni rahisi kuieleza. Anarushiwa mpira kwa kasi ya gari kwenye barabara kuu, naye aupige kwa gongo. Akikosa mara tatu, anarudi kukaa benchi. Jenerali alikuwa bingwa wa kazi hiyo kwa miaka, na jiji zima lilimpenda. Mwaka huu ana miaka thelathini na mitano, na tangu Mei anazungusha gongo lake kwenye hewa tupu. Timu ilianza msimu ikiongoza. Sasa tumefika katikati na tunashuka kama lifti.

Kwa hiyo tunabishana. Kioko, kijana wa kompyuta anayekuja na gari kutoka Mississauga, anasema tatizo ni warushaji wetu, wamechoka mikono. Mama Akinyi anasema tatizo ni kocha, maana anamwogopa Jenerali kama watu wanavyoogopa mjomba tajiri. Mimi nimesema tangu Juni, humu na kwa Mama Akinyi, kwamba Jenerali awekwe benchi. Nimetoa hoja, nimetoa mifano, nimetoa povu. Na Deo, kila Jumapili, amesimama mbele ya televisheni akimtetea.

"Mpigaji bora wa dunia hukosa mara saba kati ya kumi, Yaya," huniambia. "Taja kazi nyingine yenye moyo huo."

Yaya ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwao Bukavu. Siku ya kwanza Mama Akinyi alicheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu kwetu Kenya yaya ni yule anayebadilisha watoto nepi.

Jumapili iliyotangulia ya jana Jenerali aliharibu tena, Deo akasimama kumtetea tena, nami nikapata sentensi. Waandishi wa aina yangu tunaishi kwa ajili ya sentensi. Nilisema: "Mtu mzima anayeshindwa kazi ileile mbele ya watu, akarudi kesho yake kusimama palepale, huyo si jasiri. Huyo hana kioo nyumbani."

Kioko alicheka akaweka sahani chini. Deo hakucheka. Aliosha kikombe chake, akamshukuru Mama Akinyi, akasema ana zamu, akaondoka.

Nilidhani nimeshinda.

Jumatano mke wake alinipigia simu. Mama Gloria si mtu wa kupiga simu ovyo. "Shemeji," alisema, "mulimwambia nini Papa Gloria? Tangu Jumapili hasemi. Anakula, anaenda kazi, anarudi, hasemi." Kisha akaniambia jambo ambalo mumewe hakumwambia yeyote kati yetu. Ijumaa iliyotangulia, siku mbili kabla ya sentensi yangu, yalikuja matokeo ya mtihani wa leseni ya uuguzi. Ameanguka. Ni mara ya tatu.

Sikujua hata kwamba alikuwa akiufanya.

Bukavu, Deo alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne, mingi kati ya hiyo akisimamia wodi ya upasuaji. Hapa anasukuma matoroli ya mashuka machafu hospitalini, anapita mbele ya vyumba ambamo watu wanafanya kazi yake. Angeweza kuufanya mtihani kwa Kifaransa. Amechagua Kiingereza, kwa sababu kazi zote anazoziona zinatangazwa kwa Kiingereza. Ningejua mapema, hata kwa hilo ningembishia.

Sikulala vizuri siku tatu. Nilitafuta namna ya kuomba msamaha bila kumfichua Mama Gloria, na kwa kuwa maisha yangu yote nimejua chombo kimoja tu, mabishano, niliamua kumpa zawadi ya mabishano. Ningeshindwa. Hadharani, mbele ya wote.

Jana basi. Jenerali aliitwa kupiga mara nne, na mara zote nne alirudi benchi akitazama viatu vyake. Tukafungwa. Mama Akinyi akazima sauti, akageuka.

"Papa Gloria, inuka. Mtoto wako amefukuzwa shule."

Kabla Deo hajainuka, niliinuka mimi.

Nilimsifu Jenerali. Nilisema nimekosea msimu mzima, kwamba thamani ya mtu haipimwi kwa miezi miwili mibaya, kwamba jiji hili halina shukrani. Niliongea vizuri, naweza kuongea vizuri hata ninapodanganya, na hilo ni jambo la kutisha kuligundua ukiwa na miaka hamsini na mbili. Kioko aliniuliza kama nina homa.

"Wakili," alisema Mama Akinyi, ambaye huniita hivyo kwa ubishi wangu, "umemeza dawa za wazee wangu?"

Ningekaa hapo, labda ningepona. Lakini sijawahi kujua pa kukaa. Nikamalizia: "Mtu anayeanguka mara tatu na bado anasimama, mimi namvulia kofia."

Tatu.

Jenerali alikuwa amekosa mara nne, kila mtu alikuwa ameona. Nilimtazama Deo nikaona amehesabu. Hakukasirika. Uso wake ulifungwa tu, polepole, kama duka linalofungwa na mtu asiye na haraka.

Leo saa sita na nusu nilikuwa kwenye kaunta ya maktaba ninapofanya kazi, namhudumia bibi mmoja mwenye riwaya sita za mapenzi. Nyuma yake alisimama Deo na sare yake ya kazi. Alingoja zamu yake kama mteja. Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la kituo cha basi, kwenye kivuli kidogo kilichokuwapo.

"Mama Gloria alikuambia," alisema.

Sikukana.

"Yaya, Jumapili ile ulinipiga bila kujua. Hiyo niliisamehe kabla lifti haijafika chini. Jana ulinibembeleza ukijua. Hiyo ndiyo imenileta."

"Nilitaka kukusaidia, Deo."

"Ulitaka kunizika vizuri."

Basi lilifika, likafungua milango, hatukupanda, likaondoka. Nilikuwa na majibu. Huwa ninayo daima. Niliyaacha.

Akaendelea, kwa sauti ya chini. Alisema tangu afike nchi hii kila mtu anazungumza naye polepole. Bosi wake, mchungaji, daktari wa watoto, hata mke wake siku hizi. Wanamwambia ni sawa tu, usijali, umejaribu. "Wewe peke yako ulikuwa unanibishia kama mtu mwenye akili timamu. Naenda kwa Mama Akinyi kwa ajili ya hiyo. Unafikiri mimi sioni kama Jenerali amekwisha? Ninaona. Namtetea ili unijibu."

Sijui kama nimewahi kuambiwa jambo zito kuliko hilo. Mimi nilidhani ninamshinda. Yeye alikuwa anakuja kunywa, kama mtu mwenye kiu.

Kisha alifungua mkoba wake akatoa kitabu kinene cha maswali ya mazoezi, kurasa zimejikunja kama majani ya kabichi. Akafungua palipo na alama, akasoma. Mgonjwa ametoka kufanyiwa upasuaji, hali yake inabadilika ghafla, muuguzi afanye nini kwanza? Majibu manne, na kwa macho yangu ya mtu wa vitabu yote yalikuwa ya busara. Deo alichagua moja bila kusita, akanieleza sababu. Alinieleza vizuri sana, mikono yake ikionyesha mgonjwa asiyekuwepo juu ya magoti yake.

Nikafungua nyuma ya kitabu.

"Umekosa," nilisema.

"Sijakosa. Ukingoja, mtu huyo anakufa."

"Kitabu kinasema mpigie daktari kwanza. Ulichokichagua wewe ni kazi inayohitaji amri ya daktari."

"Daktari gani?"

"Daktari wa zamu. Yuko hapo kwenye korido, Deo. Mwite."

"Na asipokuja?"

"Kwenye mtihani huja."

Gari la taka lilipita na harufu yake ya joto. "Kwetu hakuwa anakuja," alisema. "Usiku mwingine alikuwa kilomita arobaini, na barabara imefungwa na watu wenye bunduki. Ningeita nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi anavyoanguka. Haanguki kwa kutojua. Anajibu kama mtu aliyeachwa peke yake na wodi nzima, naye hajawahi kuruhusiwa kusahau. Wanamtaka athibitishe kwamba anaweza kuita msaada. Yeye aliwaweka watu hai kwa miaka kumi na minne kwa kujifunza kutoutegemea.

Na bado alikuwa amekosa. Nilimwambia hivyo tena. Nilimwambia mtihani hauulizi alifanya nini Bukavu, na kwamba kama ataendelea kubishana na kitabu atabishana nacho akisukuma mashuka. Nilisikia sauti yangu ikipanda kama Jumapili. Mwanamke aliyekuwa anasubiri basi alisogea pembeni.

Deo alitabasamu. Mara ya kwanza kwa siku nane.

"Njo vile," alisema, yaani ndivyo hivyo, kwa Kiswahili cha Bukavu. "Sasa wewe ni wewe."

Akaniomba jambo moja. Mtihani unaofuata ni mwishoni mwa Septemba. Kila Jumamosi asubuhi, saa tatu, aje kwangu na kitabu, nami nimuulize, nimbishie, nisimwachie hata jibu moja. Nilikubali kabla hajamaliza.

"Bado," alisema. "Ukifika Septemba na ukaona siwezi, uniambie. Wewe, kwa mdomo wako. Sitaki kuisoma tena kwenye karatasi."

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayekubali chai. Akanipa mkono, akarudi kazini kwake, nami nikarudi kwenye kaunta nikakaa na kitabu cha mtu mkononi kwa muda mrefu bila kukumbuka kinapaswa kwenda rafu gani.

Nimewaambia mawaziri kwamba hawawezi kazi yao. Nimemwambia hivyo askofu mmoja, kwa jina, gazetini. Nimemwambia mpigaji ambaye hatasoma neno langu hata moja maishani mwake. Wote walikuwa mbali, na nilipomaliza kuandika nilikwenda kula. Nikihesabu kwa uaminifu, sijawahi kumwambia hivyo mtu aliyeketi kwangu, ambaye watoto wake nawajua majina. Niliuita ujasiri. Ulikuwa umbali.

Na upande wa pili unanitisha zaidi. Jana niligundua kwamba naweza kumdanganya mtu ninayempenda kwa Kiswahili kizuri kabisa. Je, Septemba ikifika na bado anajibu kana kwamba daktari haji, nitamwambia? Au nitatafuta sentensi nzuri, nimtume akaanguke mara ya nne ili mimi nibaki mtu mwema?

Sijui. Naandika hapa mbele yenu ili nisipate pa kujificha.

Jumamosi saa tatu atabisha hodi. Swali la kwanza nimeshalichagua, ni gumu, na nitalisoma bila kulainisha sauti.